Panchi za bei nafuu kwa mafundi wa kalamu: maswali yenu na majibu

Mafundi wanaokereza kalamu za mpingo, mninga na mkorosho hapa Dar es Salaam wametuandikia maswali mengi, na karibu yote yanagusa kifaa kimoja: seti ya panchi za chuma zinazouzwa bei ya chini. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha, na yale ya haraka tumeyajibu kwa haraka.

Natengeneza kalamu nyembamba za mpingo, zile za kibomba cha milimita 7, nawauzia wenye maduka ya zawadi. Kalamu ikishafungwa halafu klipu ikawa na mkwaruzo, naitupa nzima. Nimesikia kuna panchi za kufungulia. Ninunue zipi, na za bei rahisi zinafaa? – Fundi wa Keko

Zinafaa kabisa, fundi, na kwa kazi yako za bei ghali hazitakuongezea kitu. Ila uwe makini na jina dukani. Ukienda Kariakoo au Gerezani ukataja "panchi" tu, utaletewa senta panchi, au panchi za kutoboa ngozi, au zile za herufi. Unazozitaka ni panchi za kuhamishia alama: vijiti vya chuma vya mviringo, urefu wa sentimita 12 hivi, vinavyozidiana unene kidogo kidogo, kila kimoja na kinukta kilichochongoka katikati ya ncha. Mafundi vyuma huzitumia pale bati lenye tundu linapowekwa juu ya bati lisilo na tundu: wanachagua panchi inayolijaza lile tundu, wanagonga mara moja, alama ya katikati inahamia chini.

Seti ya kawaida ya inchi ina vipande 28. Inaanzia 3/32, inapanda kwa 1/64 hadi 1/2, halafu kinaongezwa kimoja cha 17/32. Kwa milimita, hiyo ni kuanzia 2.4 hadi 13.5, na kila hatua, isipokuwa ya mwisho, ni kama milimita 0.4. Hatua hizo ndogo ndizo unazozilipia. Ukitaka kujua panchi fulani ni milimita ngapi, igeuze sehemu iwe ya 64, kisha zidisha namba ya juu kwa 0.397. Kwa mfano 15/64 ni 15 mara 0.397, yaani 5.95. Halafu punguza kama 0.05, kwa sababu panchi hizi hutengenezwa pungufu kidogo ya saizi iliyoandikwa ili ziingie tundu bila kukwama.

Kibomba cha brasi cha milimita 7, kile kinachogundishwa ndani ya mti, kina unene wa nje wa karibu 6.85, na ndani kinabaki na nafasi ya 6.2 hadi 6.3. Kwa hiyo panchi yako ni 15/64. Panchi ya 1/4 ina milimita 6.3, na hiyo itaingia nusu ikwame, au itaingia kwenye kibomba kimoja ikatae kingine. Usiilazimishe hata siku moja.

Sasa kufungua. Anza na kipande cha juu, chenye klipu. Vuta vipande viwili vya kalamu viachane, toa pete ya kati. Upande wa pili wa kipande cha juu sasa uko wazi, na ukichungulia ndani utaona kitako cha kofia ndani ya brasi. Hiyo kofia ndiyo inayoishikilia klipu. Ikitoka, klipu inafuata. Kabla ya kugonga, pitisha wembe kuzunguka mstari ambapo chuma kinakutana na mti. Kama vanishi au supa gluu ilivuka ule mstari, imeshika pande zote mbili, na ukigonga bila kuikata itang'oka na kipande cha mpingo.

Shika mti kwenye kiganja, umeuzungushia kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kofia ikitazama chini juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ingiza 15/64 mpaka iguse kitako cha kofia. Gonga kwa nyundo ndogo ya gramu 200 hivi, kichwa cha plastiki au cha mti, mapigo mafupi mepesi. Mwanzoni sauti inakuwa ngumu na kavu, kama unagonga kitu kimoja kizima. Kofia ikianza kusogea sauti inalegea. Ukiisikia hivyo, punguza nguvu zaidi, maana pigo la mwisho ndilo linalorusha kofia chini ya meza ikapotea kwenye vumbi la randa.

Kipande cha chini kina sehemu mbili zilizobanwa: kizungushio, yaani kile kinachotoa na kurudisha wino ukizungusha kalamu, upande mmoja, na ncha upande wa pili. Toa wino kwanza. Kizungushio kimechomoza nje kiasi cha kutosha kushikwa, kwa hiyo kifunge kwenye chaki (mdomo unaoshika biti) ya keekee iliyozimwa au kwenye koleo lililovishwa ngozi, kisha uzungushe mti huku unavuta taratibu. Kikishatoka, njia iko wazi, na 15/64 ileile inaifikia ncha kutoka nyuma. Kizungushio kilichotolewa hivi mara nyingi huwa kimekwaruzika au kimelegea, weka kipya. Ncha na kofia hurudi bila shida kama hazikugongwa upande.

Na kama kosa ni kwamba ulibana kizungushio ndani mno, mpaka kichwa cha wino kinachungulia hata kalamu ikiwa imefungwa, huna haja ya kufungua kila kitu. Kivute nje milimita moja au mbili kwa njia hiyohiyo, halafu ujaribu tena kwa mrija wa wino. Kubana kidogo kidogo na kujaribu ndiyo dawa, kwa sababu kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza.

Nilinunua seti, nikafungua kalamu ya kwanza, panchi ikapenya katikati ya kizungushio ikakipasua. Ya pili ikanasa ndani ya ncha, haitoki mbele wala nyuma. Nimekosea saizi au seti ni mbovu? – Msomaji, Tabata

Seti yako ni nzima. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

La kwanza ni kile kinukta kilichochongoka. Kwa fundi vyuma ndicho roho ya panchi, lakini kwa kufungua kalamu ni adui. Nguvu yote ya nyundo inakusanyika kwenye sehemu ndogo kuliko kichwa cha pini, na kama mbele yake kuna plastiki au bati jembamba, inatoboa. Kisage. Ifunge panchi kwenye jiliwa wima, chukua tupa laini, ondoa kinukta mpaka uso uwe bapa kabisa, kisha ulainishe ukingo kidogo kwa msasa namba 400 usije ukakwaruza brasi ukiingia. Kama tupa inateleza bila kula chuma, panchi hiyo imetiwa ugumu kwa moto kwenye ncha. Tumia jiwe la kusagia, lakini chovya kwenye maji kila sekunde chache isipate joto ikalegea. Fanya hivyo kwa panchi unazozitumia kufungulia tu. Mbili tatu ziache na kinukta chake, tutakuambia kwa nini kwenye jibu lingine hapa chini.

La pili ni saizi. Ncha ya kalamu ni tupu kwa ndani na inapungua kuelekea mbele. Panchi nyembamba inalikosa bega la ncha, inaingia ndani ya uwazi ule, na kila ukigonga inajikaza zaidi. Ubaya ni kwamba inapojikaza inaitanua ile shingo iliyobanwa ndani ya kibomba, kwa hiyo ncha inazidi kushika badala ya kuachia. Ndiyo maana tunasisitiza: chagua panchi nene kuliko zote zinazopita kwenye kibomba bila kusukumwa. Ijaribu kwa vidole viwili. Simamisha kibomba, iachie panchi juu yake. Ikishuka yenyewe kwa uzito wake, hiyo ni halali. Kisha jaribu inayofuata kwa ukubwa. Ikishuka nayo, hamia hiyo. Ikisimama, rudi moja nyuma.

Panchi iliyonasa usiendelee kuigonga. Ifunge panchi yenyewe kwenye jiliwa, ushike kalamu kwa kitambaa cha mpira, uizungushe kushoto na kulia huku unavuta. Kuzungusha kunavunja mshiko. Kuvuta kwa mstari mnyoofu peke yake hakufui dafu.

Kwa kalamu zenye ncha ya kufunguka kwa uzi, yaani ya kuzungusha kama skrubu, fungua uzi kwanza. Kinachobaki ndani ni shingo yenye nyuzi, na hiyo panchi ikaegemee kwenye bega lake, isiguse nyuzi. Uzi mmoja ukilala, ncha haitarudi sawa tena.

Mpingo unapasuka nikigonga. Si kila mara, labda kalamu moja kati ya kadhaa, na zote nazigonga vilevile. Tatizo ni mti? – Fundi, Mbagala

Mara nyingi ufa ulikuwepo kabla hujagonga. Nyundo imeufungua tu. Mpingo ni mzito na mgumu, hauna subira na joto. Ukikereza kwa chuma butu au ukipiga msasa bila kupumzika, mti unapata moto juu ya brasi, unafanya nyufa ndogo kama unywele, na vanishi inazifunika. Kabla ya kufungua kalamu yoyote ya mpingo, iangalie kwa pembeni kwenye mwanga mkali, uizungushe polepole. Mstari mwembamba uliolala kufuata urefu wa mti ndio huo.

Sababu ya pili ni hewa yetu. Mti ulioanikwa hapa pwani una unyevu wa pwani. Kalamu ikipelekwa Dodoma au Arusha, mti unakauka zaidi na kusinyaa, lakini brasi haisinyai. Mti unabaki umelibana bomba kwa nguvu zake zote. Kalamu ya namna hiyo ikirudi kwako kutengenezwa, iache mezani siku kadhaa kabla ya kuigusa na panchi. Na kwa kalamu mpya, usikereze mpingo uliotoka kukatwa. Vipande vilivyokatwa saizi ya kalamu vikae mahali penye kivuli na hewa kwa miezi, ncha zake zimepakwa nta ya mshumaa ili zisikauke haraka kuliko katikati.

Ya tatu ndiyo tunayoiona inasahaulika zaidi: gundi haikushika brasi, kwa hiyo unapogonga kofia, kinachotoka ni kibomba. Utakijua kwa kuangalia mwisho wa mti. Ukiona duara la brasi linachomoza pamoja na kofia, simama. Mpingo una mafuta yake ya asili, na gundi haiyapendi. Kabla ya kuingiza kibomba, kwaruza brasi kwa msasa namba 150 kwa kuuzungusha, usiuburute kwa urefu, kisha futa tundu la mti kwa pamba iliyolowa asetoni na uache likauke kabisa. Paka epoksi kwenye kibomba, kiingize huku unakizungusha, kitoe nusu, kirudishe. Gundi inatakiwa ionekane imezunguka mwisho wote. Supa gluu inakubali pia, lakini inakupa sekunde chache tu, na mara nyingi inashika kibomba kikiwa nusu njia.

Halafu kuna namna ya kushikilia. Wengi hutoboa ubao, wakasimamisha kalamu juu ya tundu na kugonga, wakitarajia mti ubaki juu na chuma kianguke. Kwenye kalamu nyembamba hilo haliwezekani, kwa sababu mti umekerezwa mpaka ulingane na chuma. Tundu linalopitisha kofia linapitisha na mti. Unachofanikiwa kufanya ni kuuegemeza mwisho wa mti, sehemu yake dhaifu kuliko zote, kwenye ukingo wa ubao.

Tengeneza kibano cha vipande viwili. Chukua mti mwororo, hata msonobari wa makreti, wenye pande za milimita 40 na urefu wa 60. Toboa katikati tundu linalolingana na tumbo la kalamu ulilolipima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), kisha upasue kwa msumeno mpaka lile tundu liwe mifereji miwili inayotazamana. Njia ya msumeno imekula milimita moja au mbili, na pengo hilo ndilo linaloruhusu kubana. Bandika ngozi nyembamba ya kiatu cha zamani ndani ya kila mfereji. Weka kalamu, funga kwenye jiliwa kwa mkono mmoja tu, bila kuning'inia kwenye mpini. Sasa mti umeshikwa kwa mwili wake wote na mwisho uko huru. Tofauti utaiona kwenye pigo la kwanza.

Kofia yangu niliigundisha kwa supa gluu kwa sababu ilikuwa imelegea. Sasa haitoki kabisa. – Msomaji, Buguruni

Joto. Shika ncha ya pasi ya kulehemu, ile ya mafundi redio, kwenye chuma cha kofia kwa nusu dakika hivi, kisha gonga papo hapo kikiwa bado cha moto. Supa gluu inalegea kwenye joto ambalo mti unalivumilia kwa muda mfupi. Kama haijatoka, acha ipoe kabisa kabla ya kurudia, hasa kwa mpingo. Fungua dirisha, moshi wake unawasha macho. Usijaribu njia hii kwa kalamu za plastiki ya akriliki, zitaharibika umbo kabla gundi haijaachia, na usimwagie asetoni kama vanishi yako ya nje nayo ni supa gluu, maana itaondoka na mng'aro wote.

Safari nyingine, kofia ikilegea, usiigundishe yote. Tone dogo la gundi kwa ncha ya kijiti cha meno, upande mmoja tu wa shingo, linatosha kushika na bado litaachia kwa panchi.

Naishi Kigamboni karibu na bahari. Panchi zimeanza kuota kutu hata kabla sijazitumia zote. Zina ubovu? – Dada fundi

Hapana dada, hiyo ni chumvi ya hewa ya bahari na chuma kisicho na kinga. Seti za bei nafuu huja na mafuta kidogo ya kiwandani, ukiyafuta yameisha. Futa kutu kwa msasa namba 600 uliochovywa mafuta ya taa, ukifuata urefu wa panchi, na usitumie msasa mkali zaidi ya huo, la sivyo utapunguza unene na saizi zitakudanganya. Kausha, pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Rudia kila unapoona uso umeanza kuwa mkavu.

Kama seti ilikuja kwenye sanduku lenye sponji, itoe sponji. Inanyonya unyevu na kuukumbatiza chuma usiku kucha. Stendi ya wima yenye matundu ni bora, ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Jambo moja usilisahau: panchi yenye mafuta ikiingia kwenye kibomba ambacho hakijagundishwa, au kwenye tundu la mti, gundi haitashika pale. Ifute kwa spiriti kila kabla ya kazi ya gundi.

Kuhusu saizi, na hili ni kwa wote: seti nyingi za bei ya chini hazina namba kwenye panchi yenyewe, namba ziko kwenye stendi. Zikichanganyika umepoteza dira. Siku ya kwanza kabla ya lolote, zipime zote kwa kalipa, uzipange, na zile unazozitumia kila siku uzipake pete ya rangi ya kucha karibu na kichwa. Nyekundu kwa 15/64, buluu kwa inayofuata, upendavyo. Wakati mwingine utakuta mbili zinalingana na moja inakosekana. Bora uligundue hilo kabla risiti haijapotea.

Zaidi ya kufungua kalamu, seti hii inanisaidia nini? Sitaki kununua kitu cha kazi moja. – Msomaji, Sinza

Kwa maoni yetu kufungua kalamu ni nusu tu ya faida yake. Nusu nyingine ni kupima, na hapo ndipo unapokamata makosa kabla hayajawa kalamu.

Chukua tundu la milimita 7 ulilotoboa kwenye mti. Panchi ya 17/64, ambayo ni kama 6.7, inatakiwa iingie. Panchi ya 9/32, ambayo ni kama 7.1, inatakiwa igome. Ikiingia, tundu lako ni kubwa kuliko biti uliyotumia: ama biti imepinda, ama chaki inayumba, ama uliendelea kutoboa bila kutoa biti kumwaga vumbi, mti ukapata moto na tundu likachakaa. Usikimbilie kuongeza gundi. Epoksi itajaza pengo, sawa, lakini kibomba kitakaa upande mmoja wa tundu, na ukikereza utafika kwenye brasi upande huo kabla upande wa pili haujawa mwembamba.

Ukipokea vifaa vya kalamu usivyovijua, visivyo na karatasi ya maelekezo, tumbukiza panchi kwenye kibomba mpaka upate inayoshuka yenyewe, uandike namba yake kwenye mfuko. Siku ya kufungua hutahangaika.

Zile panchi tulizokuambia uziache na kinukta zina kazi ya kuweka katikati. Chora mistari miwili ya mshazari kwenye mwisho wa kipande cha mti, pale ilipokutana ndiyo katikati. Badala ya biti, funga panchi kwenye chaki ya mashine ya kutobolea, ikiwa imezimwa, uishushe mpaka kinukta kiguse makutano ya mistari. Kaza jiliwa ya mashine hapohapo, toa panchi, weka biti. Biti yenyewe ukiishusha inayumbayumba juu ya mti na kukupa katikati ya uongo. Panchi ni ngumu na nyoofu, haikudanganyi.

Kuna kazi moja inayotufurahisha zaidi. Umeharibu mti lakini unataka kuokoa kibomba, au kibomba kimekaa vibaya na unataka kukitoa. Hapo hutaki panchi inayopita ndani ya brasi, unataka inayoegemea ukuta wa brasi bila kugusa mti. Kwa kibomba cha 7 ukuta huo unaanzia 6.3 hadi 6.85, na panchi ya 17/64, yenye 6.7, inaangukia ndani ya ukuta huo. Pasha brasi joto kwa kuingiza 15/64 iliyopashwa kwenye moto mdogo, iache dakika moja gundi ilegee, toa, kisha sukuma kwa 17/64 kwenye jiliwa badala ya kugonga. Panchi ya kupasha isifike kubadilika rangi kuwa ya majani makavu. Ikifika hapo ugumu wake umeshaanza kupotea.

Na kwa kupaka vanishi: panchi kadhaa zikisimama kwenye stendi yake, kila moja imevishwa kipande cha kalamu, na tepu ya karatasi imezungushwa chini ili mti usishuke, una rafu ya kukaushia isiyogusa uso wowote. Paka nta kidogo kwenye panchi kwanza, ili vanishi iliyochuruzika isiigundishe.

Usizitumie kama shafti ya kukerezea. Zinaonekana zinafaa, lakini 15/64 inacheza ndani ya kibomba kwa zaidi ya robo milimita, na mchezo huo wote utauona kwenye pete ya kati, mti umezidi chuma upande mmoja na kupungua upande mwingine.

Sina bajeti ya seti nzima kwa sasa. Msumari au kitako cha biti vinaweza kushika nafasi? – Kijana fundi, Gongo la Mboto

Kama unatengeneza kalamu za milimita 7 peke yake, kwa kweli seti haikulazimu. Nenda kwa wachomeleaji, omba kipande cha chuma cha mviringo kilicho laini, milimita 6, urefu wa sentimita 12. Kisiwe nondo, mbavu za nondo zitachana brasi. Sawazisha ncha kwa tupa, lainisha ukingo, zungusha kwenye msasa mpaka kiteleze ndani ya kibomba. Hicho kitakufungulia kofia na ncha sawasawa na 15/64. Kwa kusukuma vitu vyembamba zaidi, spoku ya baiskeli ya milimita 2 iliyokatwa na kusawazishwa inatosha, ila usiigonge kwa nguvu, inapinda.

Kitako cha biti kinafanya kazi kama unene wake unalingana, tatizo ni kwamba unagonga upande wenye makali, na biti ngumu ikipigwa nyundo ya chuma inaweza kuruka kipande. Vaa miwani hata kwa panchi za kawaida. Msumari hapana: ni laini, ncha yake inatanuka ndani ya kibomba baada ya mapigo machache na hapo inakuwa kizibo.

Seti inaanza kulipa pale unapofika aina tatu za kalamu, au unaponunua vifaa kwa wauzaji tofauti ambao vibomba vyao havilingani.

Naweza kutumia panchi za herufi kuandika jina la mteja kwenye pete ya kati? – Msomaji, Mwenge

Hapana. Pete ya kati ni bati jembamba lililopakwa rangi ya dhahabu au kromu. Pigo moja linaibonyeza na kuibambua rangi, hata ukiivisha kwenye panchi nene ili isipoteze umbo. Kama mteja anataka jina, lichongwe kwenye mti kwa leza kabla ya tabaka la mwisho la vanishi.